Nani akae na mtoto? Njia za kulinda afya ya akili shuleni, zikipimwa bega kwa bega

Yalikuwa mapumziko ya asubuhi, na mezani kwangu palikuwa na rundo la madaftari ya madarasa mawili. Msichana wa miaka 15, mwanafunzi wangu, akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuongea na wewe kidogo."

Nikamuuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma: "Ni la haraka, au linaweza kusubiri?" Akayatazama madaftari, akanitazama mimi na kalamu nyekundu mkononi. "Linaweza kusubiri, mwalimu." Akaondoka.

Lilisubiri wiki tatu. Aliyenizindua ni mama anayefanya usafi pale shuleni. Aliniita pembeni akaniambia kwamba binti yule hubaki baada ya masomo, hukaa ngazini nyuma ya darasa la mwisho, analia. Wao wawili walikuwa wamezoea kukaa pamoja pale mpaka anyamaze, kisha wanafagia wote. Mama yule hajasomea ushauri nasaha. Alikuwa na muda, na hakuwa mtu wa kumpa mtoto maksi wala adhabu.

Nimekuwa mwalimu mlezi kwa miaka mingi, na wakuu wa shule na kamati za wazazi huniuliza swali lilelile: tukipata nafasi ya kufanya jambo moja tu kwa ajili ya afya ya akili ya watoto na walimu wetu, tufanye lipi? Tumpe mwalimu mmoja kazi ya ulezi? Tuajiri mshauri? Tuwafundishe wanafunzi wote darasani? Tuwapeleke walimu semina? Nitazipima njia hizo hapa, na kando ya kila moja nitaweka yale yaliyoonekana watafiti walipoijaribu kwa uangalifu. Msimamo wangu nautanguliza ili usome ukiujua. Jina la programu lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. La kuuliza kwanza ni nani atakaa na mtoto, na kama ratiba imempa mtu huyo saa ya kukaa.

Anza na hesabu ya saa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, 1 anaishi na tatizo la afya ya akili. Ipeleke hesabu hiyo darasani kwako. Wanafunzi 42 maana yake ni watoto 6. Baadhi utawajua upesi, kwa kuwa wamekuwa wakali au watoro. Wengine wanakaa kimya, wanaandika kama wenzao, na kwenye ripoti ya muhula unawaandikia "ana tabia nzuri".

Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250. Hicho ni kiwango kizuri, na hata huko shule nyingi hazijakifikia. Katika wanafunzi 250, mmoja kwa saba ni watoto kama 36. Ukimpa kila mmoja dakika 45 kwa wiki, tayari ni saa 27. Mshauri asiye na kazi nyingine ataziweza kwa kujibana. Sasa ichukue shule ya wanafunzi 1,000: watoto kama 143, saa 107 kwa wiki. Hakuna binadamu mwenye wiki ya namna hiyo. Najua si kila mtoto atahitaji mazungumzo ya kila wiki. Wapo wanaohitaji kusikilizwa mara mbili tu wakasimama wenyewe. Lakini hata ukiigawa hesabu kwa nne bado zinabaki saa 27, na mwalimu mlezi mwenye vipindi vyake vyote, zamu yake na madaftari yake hana hata saa tano.

Ndiyo maana huwaomba wakuu wa shule waje na ratiba mkononi kabla hatujaongea kuhusu programu yoyote.

Mwalimu mlezi, mshauri wa kuajiriwa, au mtu wa kawaida aliyefunzwa

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na hapa nitakaa zaidi.

Mwalimu mlezi ana mazuri ambayo hakuna mgeni anayeweza kuyanunua. Yuko shuleni tayari. Anajua nani amebadilisha marafiki, nani ameacha kucheza, nani alama zake zimeporomoka kwa mwezi mmoja. Akiwa na moyo, huona mapema kuliko wote. Udhaifu wake si wa roho, ni wa nafasi aliyowekwa. Mtu anayesikiliza siri ya mtoto saa 4 ndiye anayesimamia adhabu saa 6, na jioni ndiye anayekaa kwenye kikao kinachojadili mwenendo wa mtoto huyohuyo. Watoto hulipima hilo kimyakimya kabla hawajafungua mdomo. Nao wana adabu: wakimwona mwalimu ameelemewa, watasema linaweza kusubiri.

Mshauri wa kuajiriwa, mwenye taaluma, anaondoa matatizo hayo mawili kwa mkupuo. Haadhibu, na kusikiliza ndiyo kazi yake. Anaweza kutofautisha huzuni ya kufiwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au uvivu na woga unaomganda mtoto kila asubuhi. Kwa mtoto aliyepitia ukatili au anayefikiria kujiua, hakuna mbadala wa mtu wa aina hii, awe shuleni au awe mahali ambapo shule inaweza kumpeleka mtoto siku hiyohiyo. Ubaya ni kwamba ni wachache na ni ghali. Halafu kuna jambo nimeliona kwa macho yangu: mlango wake hugeuka alama. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, chumba cha mshauri kilikuwa mkabala na uwanja wa mikusanyiko. Kila aliyeingia alionwa na mamia. Baada ya muhula mmoja walioingia walikuwa wale waliopelekwa na mwalimu wa nidhamu tu. Mshauri alikuwa hodari. Chumba ndicho kilichomshinda.

Njia ya tatu watu huidharau wakiisikia mara ya kwanza. Unamchukua mtu asiye mtaalamu, mara nyingi kijana aliyemaliza masomo si zamani, unampa mafunzo ya wiki chache na mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua, kisha unamweka chini ya msimamizi mwenye taaluma anayempitia kila wiki. Kazi yake shuleni inakuwa hiyo moja.

Utafiti ninaowasimulia wakuu wa shule kila mara ulifanyika katika jimbo la Bihar, India, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la Lancet. Shule za sekondari za serikali zaidi ya 70 ziligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipata programu pana: jarida la ukutani, sanduku la kutolea dukuduku, vikundi vya wanafunzi, warsha, na ushauri wa mtu mmoja mmoja, yote yakiendeshwa na washauri wasio wataalamu waliofunzwa kwa kazi hiyo. Fungu la pili lilipata programu ileile, neno kwa neno, lakini mwendeshaji alikuwa mwalimu wa pale shuleni. Fungu la tatu liliendelea kama kawaida. Mwaka wa masomo ulipokwisha, katika shule za fungu la kwanza wanafunzi waliona shule yao ni mahali pazuri zaidi, dalili za sonona zilikuwa chini, na uonevu na ukatili vilikuwa vimepungua. Shule za walimu? Hazikutofautiana na zile ambazo hazikuongezewa kitu. Watafiti waliporudi mwaka uliofuata, pengo lilikuwa limepanuka.

Walimu wenzangu huumia nikiwasimulia haya, kana kwamba tumeambiwa hatufai. Mimi siyasomi hivyo. Nasoma kwamba mzigo uleule wa kazi, ukiwekwa juu ya mzigo mwingine, hauendi popote. Ukiwekwa kwenye mabega matupu, unafika.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Vijana waliomaliza sekondari si zamani waliongoza vikundi vidogo vya wanafunzi wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vikao vilikuwa 4 tu, vya saa moja kila kimoja: kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kuzoea kushukuru, na kuyatambua yale anayoyathamini maishani. Kundi la kulinganisha nalo lilipewa vikao vya idadi hiyohiyo, ila wao walifundishwa mbinu za kusoma. Washiriki walikuwa 413, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha dalili zikishuka zaidi kwa waliopata vikao vile. Programu yenyewe inaitwa Shamiri, neno letu, na ndani ya vikao hawazungumzi habari za ugonjwa. Nadhani hilo peke yake limewaingiza mlangoni watoto ambao wasingekanyaga chumba cha mshauri.

Kwa hiyo nikiziweka tatu hizi bega kwa bega: kwa watoto wengi wenye shida ya kiasi, kijana aliyefunzwa na kusimamiwa vizuri anamzidi mwalimu mlezi, na anafikia wengi kuliko mshauri mmoja mtaalamu. Kwa wachache wenye hali nzito, mtaalamu tu. Mwalimu mlezi abaki kuwa jicho na daraja: anayeona, anayemshika mtoto mkono, anayempeleka. Hilo nalo ni jambo kubwa, na linahitaji kupunguziwa vipindi.

Tahadhari moja siwezi kuiacha. Kijana wa kujitolea bila msimamizi ni hatari kwake na kwa mtoto. Atasikia mambo mazito kuliko umri wake. Kama hujui nani atamsikiliza yeye mwisho wa wiki, usianze.

Somo kwa darasa zima, au kumtafuta mwenye shida?

Wapo wanaosema tusimngoje mtoto aumwe. Tuwafundishe wote namna ya kuishi na hisia zao. Nawaunga mkono kwa nusu.

Nusu nzuri ni hii. Mwaka 2011 wanasaikolojia wa Marekani walizikusanya tathmini za programu 213 za shuleni zinazofundisha stadi za kujitambua, kudhibiti hasira, kuelewana na kuamua mambo, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Tabia na hisia ziliboreka, na masomo yakapanda pia. Kwa lugha ya ripoti zetu, mwanafunzi anayeshika nafasi ya 50 kati ya 100 angesogea hadi ya 39 hivi. Na hapa walimu wa darasa waliweza! Kufundisha stadi ni kufundisha, na kufundisha ndiyo kazi yetu. Mkuu wa shule anayetaka kuwashirikisha walimu wote awashirikishe hapa, si kwenye ushauri wa siri wa mtoto mmoja mmoja.

Nusu inayonitia shaka ni mtindo wa kuchukua zoezi moja na kulimwagia shule nzima. Uingereza walijaribu kuwafundisha wanafunzi utulivu wa fikra, ule wa kukaa, kufuata pumzi na kutazama mawazo yakipita. Shule zilikuwa 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000, wengi wao wakianza ujana. Matokeo ya mwaka 2022 yalisema wazi kwamba hawakuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata masomo ya kawaida ya hisia na mahusiano. Wengi hawakufanya zoezi lenyewe nyumbani. Walionufaika kidogo ni walimu waliojifunza ili wafundishe: uchovu wao wa kazi ulishuka mwanzoni, kisha nafuu hiyo ikafifia ndani ya mwaka. Mtu mzima aliyechagua kutulia anapata kitu. Mtoto wa miaka 12 aliyeamriwa kutulia anahesabu dakika.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi katika utafiti wa nchi 10 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2015, shule 168, wanafunzi zaidi ya 11,000 wenye wastani wa miaka 15. Walilinganisha njia tatu za kuzuia kujiua, pamoja na shule zilizopata mabango tu. Njia ya kwanza iliwafunza walimu kutambua dalili. Ya pili ilipima wanafunzi kwa hojaji na wataalamu wakawaita waliokuwa hatarini. Ya tatu iliwapa wanafunzi wenyewe saa chache za kuigiza visa, kubishana na kuzungumza juu ya msongo, sonona na namna ya kumsaidia rafiki. Baada ya miezi 12, hiyo ya tatu ndiyo iliyotofautiana na shule za mabango: waliojaribu kujiua walikuwa kama nusu.

Nimefikiri sana kwa nini kuigiza. Jibu nililonalo linatoka darasani kwangu. Nilipowaambia wanafunzi waigize rafiki anayesema "niache tu, niko sawa", mvulana mmoja aliyeigiza rafiki huyo alisema maneno yake kwa namna iliyotufanya sote tunyamaze. Aliyekuwa akiigiza naye akaacha kuigiza. Akamuuliza, "Kweli uko sawa?" Hakuna mhadhara ungeyafikisha yale.

Hojaji na waelimishaji rika

Hojaji nitazipita upesi. Kuna ile maarufu yenye maswali 9 ya dalili za sonona, na swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Ukiigawa kwa wanafunzi 300 siku ya Ijumaa, na huna mtu wa kuzisoma kabla hawajaondoka, umewauliza watoto swali zito kuliko yote kisha ukawapa mgongo. Pima tu kama waliojibu "ndiyo" watapata mtu leo.

Waelimishaji rika ni hazina, maana mtoto humwambia mtoto mwenzake kwanza. Wafundishe wasikilize na walete habari kwa mtu mzima, basi. Nimeona shule ikimwita msichana wa miaka 16 "mshauri wa bweni" na kumwachia usiku mzima na mwenzake anayejikata. Hilo tulimtwisha sisi, na lilimkosesha usingizi hata baada ya kuhitimu.

Na mwalimu je?

Mazungumzo mengi ya afya ya akili shuleni humtaja mwalimu kama chombo: aone, aripoti, asaidie. Anayemuuliza yeye analalaje ni nadra.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaueleza uchovu wa kazi kuwa jambo linalotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, na halikuuweka kwenye fungu la magonjwa. Lina sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau moyoni, na kuhisi huna tena ufanisi. Ile ya pili ndiyo inayowaumiza watoto kuliko zote. Mwalimu aliyefika hapo hapigi kelele. Anaandika ubaoni, anafuta, anaondoka, na hajamtazama mtoto yeyote usoni.

Kanada walipima homoni ya msongo, kotisoli, kwenye mate ya wanafunzi wa shule za msingi asubuhi. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba katika madarasa ambayo mwalimu alikuwa amechoka zaidi, kotisoli ya watoto ilikuwa juu. Huwezi kusema kwa uhakika nani alianza kumchosha mwenzake. Ila unaona kwamba wanaumwa pamoja, na anayetaka kumtibu mmoja ampite mwingine atazunguka palepale.

Sasa chaguo tatu ambazo shule huzifikiria. Semina ya siku moja ya "kukabiliana na msongo" ndiyo rahisi na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mwalimu anarudi Jumatatu anakuta madaftari yaleyale pamoja na ya siku aliyokuwa semina. Chaguo la pili ni walimu kusaidiana. Nililipenda sana, na bado nalipenda, lakini ukweli nausema: shule 25 za sekondari za Uingereza na Wales ziliingia kwenye jaribio lake. Karibu nusu yake zilifunza baadhi ya walimu huduma ya kwanza ya afya ya akili, wakaunda huduma ya kuwasikiliza wenzao, na wengine wakafunzwa kuwasaidia wanafunzi. Baada ya miaka miwili ustawi wa walimu haukubadilika ukilinganisha na shule zilizobaki. Wenzako wanaweza kukusikiliza vizuri sana, na bado una vipindi vilevile, darasa lilelile lililofurika, na mkuu yuleyule anayetuma ujumbe saa 4 usiku.

Chaguo la tatu, kupunguza mzigo wenyewe, halina jina la kuvutia na halizinduliwi kwa sherehe. Ni kufuta kikao kisicho na ajenda. Ni kukubaliana kwamba ujumbe wa kazi hautumwi baada ya saa 12 jioni. Ni kuacha kusahihisha kila sentensi ya kila zoezi. Ni mwalimu mgeni kupewa madarasa mawili mapole na mtu wa kumfuata, badala ya kutupiwa darasa ambalo wakongwe wamelikimbia. Na mwalimu akifiwa, apewe siku zake bila kuombwa aache kazi za kufanya. Ningekuwa na fedha ya semina moja tu, ningemlipa mtu ashike vipindi vya walimu watano kwa saa mbili kila wiki.

Usingizi na fimbo

Kuna njia mbili ambazo hazina neno "akili" ndani yake, na huenda zikaizidi programu yoyote.

Ya kwanza ni saa ya kuanza. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mwili wake wakati huo wa kubalehe husukuma usingizi mbele, si ukaidi. Mwaka 2016 jiji la Seattle liliihamisha saa ya kuanza sekondari kutoka saa 1:50 asubuhi hadi saa 2:45, na vipimo vilionyesha wanafunzi wakiongeza usingizi wa dakika 34 kwa usiku. Muda huo hawakuumalizia kwenye simu, kama wengi walivyotabiri. Shule ya bweni inayowaamsha watoto saa 10 alfajiri kujisomea inaweza kuifanya hesabu hii bila kuajiri mtu.

Ya pili ni kipigo. Uganda, katika shule 42 za msingi, programu iliyowashirikisha walimu, wanafunzi na uongozi katika kubadili namna ya kuwaadibu watoto ilipunguza ukatili wa kimwili wa walimu kwa asilimia 42. Hayo yalichapishwa mwaka 2015. Sielewi tunavyoweza kuweka sanduku la dukuduku ukutani na fimbo mezani chini yake.

Ukilazimika kuchagua

Shule ndogo isiyo na fedha: usianze na ushauri. Punguza vipindi vitatu vya mwalimu mlezi mmoja, muondoe kabisa kwenye adhabu, na saa zake za kukaa zibandikwe mahali pa wazi. Muulize pia kama anaitaka kazi hiyo. Wengi hupewa kwa sababu ni wanawake au ni wapole. Kisha tafuta zahanati au hospitali mtakayompeleka mtoto mwenye hali nzito, na ujue jina la mtu wa kumwona kabla siku hiyo haijafika.

Shule kubwa ya kutwa yenye fedha ya mshahara mmoja: badala ya mtaalamu mmoja anayezama kwenye saa 107, mlipe mtaalamu kwa siku moja au mbili kwa wiki kusimamia vijana watatu au wanne waliofunzwa. Mpe chumba chenye sababu nyingi za kuingia, karibu na maktaba kwa mfano.

Shule ya bweni: usiku ndio wenye hatari, kwa hiyo matroni na mlinzi wa bweni wafunzwe kabla ya walimu. Nilishangaa nilipogundua kwamba katika mafunzo yote niliyohudhuria hakuna aliyekuwa amewaalika. Wala mama wa usafi.

Vyovyote utakavyochagua, kila atakayekaa na mtoto aambiwe mambo haya mapema. Usiahidi siri kamili, sema "sitamwambia mtu, isipokuwa maisha yako au ya mwenzako yakiwa hatarini, na hapo nitakuambia kwanza." Ukihofia kwamba mtoto anafikiria kujiua, muulize kwa maneno hayohayo. Kumuuliza hakumwingizii wazo kichwani. Mara nyingi humpa pumzi. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye anachoweza kujidhuru nacho, na umpeleke kwa mtaalamu siku hiyo.

Binti wa mlangoni alipona kwa mikono ya watu wengi, na wa kwanza alikuwa na ufagio. Sasa mtoto akisimama pale na madaftari yakiwa mezani, nayafunga. Namwambia, "Keti. Sasa hivi nina dakika 5, na saa 9 nina nusu saa nzima ya kwako. Tuanze na zipi?"